Sauti ya Pili Nje ya Dirisha

Mwezi uliopita vijana wawili wanaofanya kazi niliyoiacha walikuja nyumbani kwangu, Kyela mjini, wamelowa jasho kama watu waliovuka mto na nguo zao. Mmoja, binti mwenye sauti nzuri na subira kidogo, alikunywa maji bila kupumua, akaweka kikombe chini, akasema, "Mwalimu, hii Oktoba uliiwezaje?"

Hakuniuliza niliwatibuje wagonjwa. Aliuliza niliiwezaje Oktoba. Nikajua huyu kazi anaifanya kweli, maana asiyeifanya huuliza mengine.

Nilimjibu kwa kifupi siku ile, kwa sababu jua lilikuwa kali na mwenzake alishaanza kusinzia. Jibu lenyewe ndilo hili. Nawaandikia ninyi wawili, na mwingine yeyote atakayepewa ngoma na kuambiwa aende wodini akawaimbishe watu waliopooza.

Kwanza mjue kwamba jina la kazi yetu halijawahi kueleweka. Tiba ya muziki. Ukilitamka jina hilo Mwaya au Matema, nusu ya watu wanadhani wewe ni mganga na nusu nyingine wanadhani unapiga muziki kwenye harusi. Bibi mmoja wa Matema aliniletea kuku mweupe, akaniuliza kama damu nitaitaka mbele ya wimbo au baada ya wimbo. Nilimweleza kwa utaratibu: kiharusi kinaweza kumnyima mtu maneno kisimnyime nyimbo. Asiyeweza kusema jina la mtoto wake anaweza kuimba wimbo mzima wa utotoni, na maneno yake yakatoka sawasawa. Sisi tunapita humo. Tunachukua neno analolihitaji, tunalipa sauti ya kupanda na kushuka, tunampigia taratibu kwenye mkono ulio mzima, silabi kwa silabi, mpaka neno litoke likiwa limebebwa na wimbo. Baadaye, Mungu akijalia, linatembea lenyewe.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Ndaga," akasema, yaani asante. "Kwa hiyo kuku ni wa nini?"

"Mrudishe nyumbani, mama."

Alimrudisha kwa masikitiko. Naamini imani yake kwangu ilipungua siku hiyo.

Mimi sikusomea kazi hii chuoni. Nilikuwa mhudumu wa afya, na jioni nilifundisha kwaya. Alikuja mgeni mmoja kujitolea, akafanya kazi hii nasi msimu wa mvua, akaondoka na kuniachia vitabu viwili. Nilivisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa, na kila nilichosoma nilikijaribu kesho yake. Aliyenifundisha mengine yote ni Sista Rehema, muuguzi aliyesimamia chumba cha mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Vitabu vyangu viliandikwa na watu wa nchi za baridi. Hakuna ukurasa uliosema ufanye nini ngozi ya ngoma inapokaza kwa jua mpaka inalia kama sufuria, au mgonjwa anapokuambia kwa macho kwamba ukimgusa kwa wimbo mwingine atakufa.

Gitaa ndilo lililonipa somo la kwanza. Nililinunua Mbeya, kwenye baridi, zuri sana. Novemba ya kwanza nililifunga nyuma ya bodaboda, nikaliingiza wodini likiwa na joto kama mkate, nikaanza kukaza nyuzi. Gundi ilikuwa imeyeyuka. Kipande kinachoshika nyuzi kiling'oka kwa mlio wa bunduki. Mzee mmoja ambaye Sista Rehema alikuwa amehangaika na mguu wake tangu Agosti aliunyanyua mguu ule, na ule mwingine pia.

Sista aliangalia gitaa, akaangalia mguu. "Leo limefanya kazi," akasema. "Kesho usije nalo."

Tangu hapo nilitumia vyungu vya Ikombe. Akina mama wa kule huvifinyanga kwa mkono na kuvileta kwa mtumbwi. Ukipiga mdomo wa chungu kwa kiganja kilicholegea kinatoa sauti nene ya chini ambayo jua haliibadilishi. Ukitia maji, sauti inapanda. Na mkimaliza kuimba mnakunywa ala yenu. Onyo moja: msinunue chungu bila kukigonga kwanza na kukisikiliza. Chenye ufa kinajificha machoni, hakijifichi masikioni.

Mengine ya joto niyaseme haraka. Nyimbo za mchana zianzeni chini, hata kama asubuhi mliziimba juu, kwa sababu koo lililokauka likilazimishwa juu hukasirika na kesho yake halitaki. Mgonjwa anywe maji kabla, siyo baada. Wa kijijini mwendeeni asubuhi bati likiwa bado kimya. Likishaanza kulia kwa jua, akili zenu na zake zote zimekwisha. Alasiri upepo wa ziwa ukianza kuingia mnaweza kurudi. Na msifanye uamuzi wowote mkubwa juu ya kazi yenu saa nane mchana mwezi wa Novemba. Mimi niliamua kuacha kazi hii mara nyingi sana, na kila mara ilikuwa saa nane mchana.

Mara moja nusura nifanye kweli. Ilikuwa kwa Mzee Ambakisye.

Mzee Ambakisye alikuwa mkulima wa mpunga upande wa Mwaya, mjane, mzee wa kanisa. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia na kuchukua maneno yake yote. Alipokuwa wodini kwetu alikuwa mwanafunzi wangu bora. Nilimpigia mkono wa kushoto na kumwimbia neno moja, *amisi*, yaani maji kwa Kinyakyusa. A kwa sauti ya kati, mi juu, si inashuka na kukaa. Alilishika upesi. Kila alipotaka maji aliimba, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamwitikia kwa utani. Sista Rehema akasema huyu anaweza kwenda nyumbani. Nikampangia programu nzuri: neno lile lile, mara nyingi kwa siku, na watu wa nyumbani wamwitikie kila anapoimba.

Akaenda nyumbani, akanyamaza.

Nilimfuata kila baada ya siku chache, asubuhi, kabla mwanawe Gwakisa hajaenda shambani. Wiki ya kwanza aliimba kidogo. Halafu akawa ananiangalia tu. Oktoba ikaisha, ulimi wake ukawa mkavu, midomo ikapasuka, na Gwakisa akaniambia mkojo wa baba umekuwa kama chai ya rangi. Nilirudi na habari hiyo kwa Sista, akaacha alichokuwa anakifanya.

"Hanywi?"

"Asubuhi anakunywa, na jioni."

"Na katikati? Joto hili?" Aliniangalia vizuri. "Mgonjwa wa namna ile akikauka atarudi hapa. Na akirudi safari hii, sidhani kama watakaombeba kutoka watakuwa wanacheka."

Siku iliyofuata Gwakisa mwenyewe alikuwa amechoka. Alikuwa kijana wa heshima, lakini mashamba yalikuwa yanasubiri jembe kabla ya mvua, na kila asubuhi alikuwa ananisikiliza nikiimba neno moja kwa ukuta.

"Mwalimu, tuseme ukweli. Baba amechoka na wimbo wako."

"Pengine."

"Wodini aliimba kwa sababu ya wenzake. Hapa yuko peke yake. Tumwache apumzike."

Nilirudi nyumbani nikiamini kazi yangu ilikuwa mchezo wa wodini, kitu cha kufurahisha wageni wanaokuja kukagua, na kwamba mtu akishafika nyumbani kwake, kwenye joto lake na ukimya wake, mimi sina la kumpa. Ilikuwa saa nane mchana, nadhani mmeshaelewa.

Kilichoniokoa ni pancha. Safari niliyokusudia iwe ya mwisho, tairi la bodaboda lilitoboka njiani, tukakaa kwa fundi mpaka jua likasimama utosini. Nilifika kwa Mzee Ambakisye mchana, saa ambayo sijawahi kufika. Gwakisa hakuwepo. Watoto walikuwa shuleni. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nilibisha, hakuna aliyeitika, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Nilimkuta Bupe, mke wa Gwakisa, ameketi chini ya dirisha la chumba cha mkwewe, mgongo kwenye ukuta, anatenganisha kokoa zilizokauka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye sauti ndogo.

"Ugonile, Mwalimu," akanisalimia kwa Kinyakyusa.

"Nimeamka. Mzee amelala?"

"Hajalala. Anageuka. Akitaka maji anageuka hivyo. Jagi amelimwaga tangu asubuhi, limewekwa upande wa mkono uliokufa."

"Na wewe uko hapa?"

Aliinua uso, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeuliza swali la aibu mbele ya wageni. "Nitaingiaje, Mwalimu?"

Hapo ndipo nilipokaa chini, juu ya gunia.

Mimi ni Mnyakyusa. Desturi ile naijua tangu nikiwa tumboni. Mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani macho. Akimwona anakuja njiani anapinda migombani. Hamtaji jina, hali naye, haingii chumbani kwake, na yeye mkwe naye hamwiti wala hamsemeshi. Siyo ugomvi, ni heshima, na kila upande unaibeba nusu yake. Mjini imelegea, utawakuta mkwe na mkamwana wanatazama mpira sebule moja na kugombea kiti. Lakini katika nyumba ile ilikuwa nzima kama siku ilipoletwa. Na mimi nilikuwa nimeagiza kwamba watu wa nyumbani wamwitikie, bila kuuliza ni nani anakuwepo nyumbani saa sita mchana.

Mzee hakuwa amesahau neno. Alikuwa nalo mdomoni. Lakini aliyebaki kulisikia alikuwa mtu mmoja tu, na mzee hakupaswa kumwita huyo. Alikuwa anakauka kwa adabu.

Nilimpelekea maji mwenyewe. Alikunywa kama ardhi ya Novemba. Jioni Gwakisa aliporudi tuliongea nje, sisi watatu, na nilisema wazi kwamba jagi likihamishwa upande wa kushoto litasaidia, lakini mtu asiyeweza kuita hawezi kulindwa na jagi.

"Basi nitafute mtu wa kukaa naye," alisema Gwakisa.

"Nani?" aliuliza Bupe. "Wote wanalima. Mimi nipo. Dirisha lipo. Naweza kuweka kikombe pale nikiwa nimempa mgongo, simwoni, hanioni. Ninachokosa ni kujua anataka lini."

"Ataimba," nikasema.

"Hataimba mimi nikiwa hapa, hata asubuhi ukiwepo wewe. Anajua nipo."

Kisha Bupe akasema, akiendelea kuchambua kokoa, "Lakini namwimbia kila Jumapili."

"Unamwimbia nani?" Gwakisa aliuliza.

"Baba yako. Yuko benchi la wazee, mbele kabisa. Mimi niko kwenye kwaya, sauti ya pili. Miaka yote hii. Mimi natazama kitabu, yeye anatazama sakafu, tunaimba wote. Nani amewahi kusema nimekosa adabu?"

"Kule ni kanisani."

"Na Mungu anakaa kule tu? Huku anakuja kwa miadi?"

Gwakisa alinitazama nimsaidie. Mimi nilikuwa nimefundisha kwaya zaidi ya nusu ya maisha yangu, na jambo hili lilikuwa mbele ya macho yangu kila Jumapili. Sikumsaidia.

"Watu watasema," akajaribu tena.

"Watasema mkamwana wa Ambakisye anaimba. Waseme. Mwaka jana walisema sauti yangu inazidi ya mke wa mchungaji, nikafa?"

Ilibidi Gwakisa acheke. Lakini alifanya jambo la busara: hakukubali kwa niaba ya baba yake. Aliingia ndani kumuuliza, na sisi tukasikia akieleza kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Kisha mkono ukapiga ubao wa kitanda mara moja. Wodini tulikubaliana kwamba mara moja ni ndiyo.

Mnadhani kesho yake aliimba? Hakuimba. Mimi nilikaa ndani na kumpigia mkono, nikaanza *a-mi-*, Bupe nje akaguna ile *si*. Mzee akageuza uso ukutani. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Ruhusa alikuwa ametoa kwa kichwa, koo lilikuwa halijapewa taarifa. Na joto lilikuwa lile ambalo hata mbwa anakataa kubweka.

Wazo la pili nalo lilikuwa la Bupe, na nawaomba mliweke akilini kuliko vyote nilivyoandika humu. Alisema, "Mwalimu, usianze na maji. Na wewe usiimbe. Toka humo ndani. Niache niimbe sauti ya pili peke yake."

Mliowahi kufanya mazoezi ya kwaya mnaelewa. Sauti ya pili peke yake haivumiliki. Ni kama mtu anayejibu maswali ambayo hayajaulizwa. Anayeujua wimbo, akisikia ya pili inatembea bila ya kwanza, kitu kinamwasha ndani mpaka aiweke pale inapokosekana. Nimewaona wapishi wakitoka jikoni na mwiko kuja kuiweka.

Nilitoka, nikakaa kwenye gunia. Bupe, mgongo ukutani, macho kwenye kokoa, akaanza sauti ya pili ya wimbo unaoimbwa kanisani kwao wakati wa mavuno. Aliimba ubeti mzima. Ndani kimya. Akaanza tena, taratibu zaidi, akiacha nafasi pale ambapo ya kwanza hupanda. Bati lilikuwa linalia juu yetu. Nilikuwa najiambia kwamba huu ndio mwisho na nimeujaribu vizuri.

Kwenye mstari wa tatu ikaingia. Nzito, ya mzee, imekunjamana, lakini kwenye kimo chake hasa, na maneno yake. Bupe hakuinua kichwa wala hakubadilisha mwendo. Vidole vyake tu viliacha kuchambua. Waliimba mpaka mwisho wa ubeti, yeye nje, mkwewe ndani, ukuta katikati, na heshima imekaa mahali pake.

Kisha kutoka dirishani: *a-mi-si*.

Bupe akaguna sauti ya pili chini yake, bila maneno, kama kujibu kwamba imesikika. Akainuka, akachota, akalipa dirisha mgongo, akanyoosha mkono nyuma na kuweka kikombe kwenye kizingiti. Tulisikia kikombe kikivutwa. Tulisikia akinywa.

"Ndaga," nikamwambia Bupe.

"Ndaga na wewe. Nipishe gunia langu, Mwalimu, umekalia kokoa."

Sikuacha kazi mwaka ule, wala miaka mingi iliyofuata, mpaka nilipotimiza umri wa kustaafu kwa hiari na magoti yakakataa bodaboda. Na joto halikupungua kwa ajili yangu. Mkiniuliza nilipata wapi nguvu ya Oktoba na Novemba, siwezi kuwaambia kwamba niliitoa moyoni. Moyo wangu ulikuwa umelowa jasho kama wenu. Niliacha kudhani kwamba lazima niiimbe kazi yote mimi. Niliingia kila nyumba nikitafuta ni nani pale tayari anaimba na mgonjwa bila kujijua: anayetwanga naye, anayemtania, anayekaa nyuma ya ukuta wake akisikiliza anavyogeuka. Yupo karibu kila nyumba. Ukimpata, kazi yako inakuwa nyepesi kiasi cha kubebeka kwenye jua.

Nilirudi kwa Mzee Ambakisye siku moja mwishoni mwa msimu ule, kabla ya mvua, mchana kwa makusudi. Midomo yake ilikuwa imepona, na Gwakisa alikuwa anamtania kwamba atamaliza kisima. Nilikaa nyuma ya nyumba na Bupe. Haikupita muda ikasikika *a-mi-si*, imara kabisa. Bupe akaguna ya kwake, akaweka kikombe dirishani, akarudi kukaa.

Kikombe hakikuchukuliwa. Ndani ikasikika tena: *a-mi-si*.

Nikainuka nusu. "Hakioni kikombe? Kiko mbali na mkono?"

Bupe akanivuta gauni nikae. "Kiko karibu," alisema. "Mzee hana kiu, Mwalimu. Anataka sauti ya pili."

Akampa. Mimi nikavuta pumzi, nikaanza chini, kama inavyotakiwa mchana, nikaweka sauti ya tatu.